Kutoka Mji wa Kale Hadi Rabai: Safari na Wasaka Viluwiluwi

JUMATATU, MJI WA KALE

Saa moja na nusu asubuhi tumekutana mbele ya Ngome, Mombasa. Zana zetu zote zimeingia begi moja la kitambaa: upawa mweupe wa plastiki, tochi, mirija ya kunyonyea maji, chupa ndogo zenye vibandiko, na daftari lililokunjika pembe. Kiongozi wetu ni mama wa makamo aliyeishi na wadudu wa maabara tangu ujana wake. Pamoja naye wako barobaro wawili, wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaojua kila mlango wa Kibokoni na kila mbwa wa kuogopa. Mimi kazi yangu kuandika, na kubeba upawa.

Kaskazi inaelekea ukingoni. Joto limeshika, na mvua ya vuli watu wameshaisahau. Ukimwambia mtu unatafuta mbu wakati huu, atakuona hamnazo: si ungengoja masika, madimbwi yajae? Lakini kiongozi wetu hakutaka masika. Alitaka kuona mbu wanaishi wapi wakati nje hakuna hata tone.

Jibu tulilipata nyumba ya kwanza, nyuma kidogo ya Ndia Kuu. Mwenyewe ni bi kizee aliyetukaribisha kwa sharti la kuvua viatu. Uani kulikuwa na mapipa mawili ya buluu, msururu wa ndoo na mitungi ya lita ishirini, na kwenye kona ya kivuli balasi la udongo la tangu enzi za mamake, limefunikwa kwa ubao uliopasuka. Kiongozi aliomba ruhusa, akaubandua ubao taratibu.

Nikachungulia. Maji meupe, hakuna kitu.

"Kichwa chako kimeziba mwanga," akaniambia. "Rudi nyuma, kisha ngoja."

Viluwiluwi wa mbu hawawezi kuishi chini ya maji moja kwa moja. Hupumulia mrija mfupi ulio mkiani, kwa hiyo hutundikwa juu ya maji kichwa kikielekea chini. Wakihisi kivuli hujinyonganyonga wakazama wote kwa pamoja, na asiyejua huapa kwamba chombo ni safi. Dakika mbili hivi, pumzi zikawaishia. Akaja mmoja, wakaja watatu, kisha uso mzima wa balasi ukaanza kuchezacheza. Upawa ukashuka mara moja, ukapanda umejaa.

Halafu akaimulika tochi kwenye ukuta wa ndani, vidole viwili juu ya maji. Pale palikuwa na mstari wa nukta nyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa ikaganda. Ndiyo mayai. Huyu mbu, Aedes aegypti, hatagi majini. Hutaga kwenye ukuta wenye unyevu, juu kidogo ya maji, ili maji yakipanda yayakute mayai tayari. Chombo kikikauka hayafi. Hukaa miezi mizima yakisubiri, na siku ndoo ikijazwa tena huanguliwa, na kwa joto la hapa kwetu, juma moja au siku kumi baadaye mbu mzima huruka.

"Lakini hayo maji nayanywa mimi na wajukuu wangu," bi kizee akalalamika. "Ni masafi!"

Ni masafi kweli, na hilo ndilo linalowachanganya wengi. Tumelelewa kuamini mbu ni mwana wa uchafu, mtaro na jaa. Huyu mwenye miguu ya madoadoa meupe anapenda maji safi, yaliyotulia, ndani ya nyumba, penye kivuli na watu. Isitoshe huuma mchana: asubuhi baada ya kucha, na alasiri kuelekea magharibi. Neti uliyoteremsha saa nne za usiku humkuta ameshashiba.

Tulipokuwa tukivaa viatu, bi kizee akaikumbuka chikungunya ya mwaka 2004, homa anayoieneza mbu huyu. "Ngazi hizi nalizishuka kwa makalio," akasema, akiipiga ngazi ya kwanza kwa kiganja. "Miguu haikunji, vidole havifungi. Wallahi kifungo cha gauni nalifungwa na mjukuu." Homa yake ilikwisha kwa siku chache. Maumivu ya viungo yalikaa naye mpaka mwaka uliofuata.

JUMANNE, TUDOR NA MAJENGO

Tudor nilitaka kufika kwa sababu maalum. Mwaka 2013, homa ya dengi, nayo ya mbu huyuhuyu, ilipopamba moto Mombasa, watafiti walipita hapa nyumba kwa nyumba wakichukua damu, na takriban watu 13 katika kila 100 walikutwa na dalili za kuambukizwa wakati huo au muda mfupi nyuma. Wengine walikuwa wakienda kazini kama kawaida. Dengi haikuwa ngeni pwani. Mwaka 1982 ilithibitishwa Malindi na Kilifi, na baada ya 2013 imerudi tena Mombasa zaidi ya mara moja, mwaka 2017 na mwaka 2021 ikiwemo. Wazee huiita kidingapopo. James Christie, daktari kutoka Uingereza aliyekuwa Unguja, aliandika kuhusu homa iliyoangusha mji mzima mwaka 1870, na wenyeji wakamwambia wanaikumbuka, iliwahi kuja miaka hamsini hivi nyuma. Siku hizi wanahistoria wa tiba hubishana kama ile ilikuwa dengi au chikungunya, maana mgonjwa aliyejikunja kwa maumivu hana namna ya kukwambia ni kirusi gani.

Na ubishi huo huo uko kwenye zahanati zetu hadi leo. Majengo tulikaa barazani na fundi cherehani mmoja aliyeugua miaka michache iliyopita. Homa kali, macho yanauma kwa nyuma, mifupa kama inapondwa. Akaenda kwenye kliniki ya mtaani. Wakampima malaria, kipimo kikasema hana, wakampa dawa ya malaria vilevile "kwa usalama". Siku ya tatu akarudi, akapigwa sindano ya diklofenaki kutuliza maumivu. Siku ya tano homa ikashuka, akafurahi, na usiku ule fizi zikaanza kutoka damu.

Kiongozi wetu alitikisa kichwa. Dengi ina tabia hiyo mbaya: siku za hatari mara nyingi huanza pale homa inapopungua na ndugu wameshamshukuru Mungu. Maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, damu kwenye fizi au pua, uchovu wa ghafla, hizo ni dalili za kukimbilia hospitali. Na aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake huongeza uwezekano wa kutoka damu. Cha kutuliza homa ni parasetamoli na maji mengi ya kunywa, basi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe haipo.

Kisha kuna hili ambalo fundi hakuwahi kuambiwa na mtu. Dengi ni virusi vinne vya ukoo mmoja. Ukipona mmoja, huyo hatakusumbua tena, lakini ukiumwa na wa pili, kinga yako ya kwanza inaweza kumfungulia mlango badala ya kumfukuza, na ugonjwa ukawa mkali zaidi. Mji uliopigwa mara nyingi kama Mombasa una watu wengi walioshaumwa mara moja bila kujua. Fundi akaniangalia, akauliza kama kuna cheti cha kuonyesha aliumwa gani. Hakuna. Kwenye kadi yake ya kliniki imeandikwa malaria.

JUMATANO, CHANGAMWE

Siku ya tairi. Kando ya barabara kuu, kwa mafundi wa pancha, tairi kuukuu zimepangwa hadi kimo cha mtu, na kila moja ina kijimaji chake hata kama hapajanyesha, kwa sababu mafundi hulowesha mipira kutafuta tundu. Ukitaka maji ya ndani ya tairi huwezi kutumia upawa. Unapiga magoti, unaingiza mrija, unanyonya kwa kipira, na malori ya Malaba yanakupulizia moshi usoni. Kati ya mchana na alasiri tulijaza chupa nyingi kuliko siku mbili zilizotangulia.

Ukiwa hapa, bandari ikiwa chini yako na uwanja wa ndege upande wa pili, unaelewa kwa nini virusi hivi vinaupenda mji wa pwani. Aedes aegypti mwenyewe asili yake ni Afrika. Alivuka bahari ya Atlantiki ndani ya mapipa ya maji ya merikebu zilizobeba watumwa. Binamu yake wa Asia, Aedes albopictus, alitua Texas miaka ya 1980 ndani ya tairi kuukuu zilizoagizwa kutoka nje. Zika, homa nyingine ya mbu hawa, ilipatikana kwa kima wa utafiti katika msitu wa Zika karibu na Entebbe mwaka 1947, ikakaa kimya karibu miaka sitini, na mwaka 2015 ikalipuka Brazil, watoto wakazaliwa na vichwa vidogo; Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Lakini mfano unaotuuma sisi ni wa hapa nyumbani. Chikungunya ilitambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa Tanganyika, nchi ya Wamakonde, mwaka 1952. Mwaka 2004 ikaibuka Lamu, na vipimo vya damu vikaonyesha robo tatu ya wakazi wa mji ule waliambukizwa. Ikateremka Mombasa kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2005 ikawa Komoro, kisha Réunion, ambako iliugusa takriban mtu mmoja katika kila watatu, na huko kirusi kikapata badiliko dogo lililomwezesha yule mbu wa Asia kukibeba vizuri zaidi. Mwaka 2006 ikaikumba India, wagonjwa zaidi ya milioni moja. Mwaka 2007 msafiri kutoka India akaifikisha kijiji cha kaskazini mwa Italia, na mbu wa pale wakaichukua. Kutoka kwenye mapipa ya Lamu hadi Italia, miaka mitatu.

Fundi mmoja wa pancha alisikiliza yote haya akiwa amekaa juu ya jeki. "Sasa sisi ndio tuliwapelekea?" akauliza, na nadhani alijivuna kidogo.

ALHAMISI, LIKONI

Tulivuka feri mapema tukakaa karibu siku nzima ng'ambo, na leo ndiyo siku niliyoona kiini cha jambo.

Lamu ya 2004 ilikuwa na ukame. Watafiti walipoufuatilia mlipuko ule, kilichowashangaza ni kwamba haukuja na mvua. Visima vilipungua, watu wakahifadhi maji majumbani kwa muda mrefu bila kumwaga wala kusugua vyombo, na joto likafanya kazi ya pili: kadiri hewa inavyokuwa ya moto, ndivyo kirusi kinavyokomaa upesi ndani ya mbu, na mbu akawahi kuuma kabla ya kufa.

Likoni hakuhitajiki ukame. Kuna ratiba ya maji. Kisiwa na viunga vyake hutegemea maji ya mbali: bomba la Mzima kutoka Tsavo, zaidi ya kilomita 200, lililopo tangu miaka ya 1950, visima vya Baricho kwenye mto Sabaki, chemchemi ya Marere huko Shimba, visima vya Tiwi. Yote yakijumlishwa hayatoshi, kwa hiyo mitaa hugawiwa siku. Mfereji ukitoka, unakinga mpaka kwenye sufuria ya wali. Usipotoka, unamngoja mwenye mkokoteni.

Tulitembea na mwenye mkokoteni mmoja kuanzia kwenye kituo cha maji. Anabeba mitungi ishirini na kitu, anaimba badala ya kupiga kengele. Katika kila nyumba aliyoingia aliimimina mitungi yake ndani ya pipa lilelile, juu ya mabaki yaleyale ya wiki iliyopita. Hakuna anayemaliza pipa hadi chini ili alisugue, maana chini ya pipa ndipo penye maji ya dharura: ya mgonjwa, ya maiti, ya mgeni wa ghafla. Kwa hiyo kila akimimina, maji yanapanda hadi kwenye ule mstari wa nukta nyeusi, na mayai yanaanguliwa kwa ratiba. Sijui mfugaji gani angewapangia vizuri zaidi.

Hapo ndipo ninapokosa subira na mabango ya "Mwaga maji yaliyotuama". Yameandikwa na mtu ambaye mfereji wake unatoka kila akigusa. Maji ya Likoni yamenunuliwa kwa pesa au kwa usiku wa kukesha, na hayamwagwi. Ukitaka kumwondoa mbu huyu, mazungumzo ya kwanza ni ya bomba, ya pili ni ya vifuniko, na hotuba ije baadaye kama kutabaki muda.

Jioni kwenye feri watu wamejaa, kila mmoja ameacha miguu wazi kwa viatu vya kandambili. Niliona wawili wakijichapa vifundo vya miguu. Huyu mbu huuma chini.

IJUMAA

Hatukutoka hadi baada ya swala. Msikitini, nikitawadha, nikakumbuka jambo la Lamu ambalo kila mwongoza watalii hulieleza na hakuna anayelichukua kama sayansi. Nyumba za kale zilikuwa na birika la maji, na ndani yake waliweka samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini ya birika walijengea bakuli la kauri la Kichina, ili birika likipunguzwa maji kwa kusafishwa, samaki wabaki na mahali pa kuogelea. Wale mabwana hawakujua kitu kuhusu virusi. Kero ya mbu iliwatosha.

Alasiri nikamuuliza kiongozi kuhusu moshi wa dawa, ule unaopulizwa kutoka kwenye gari kila ugonjwa ukizuka, watoto wakilifuata kwa vigelegele. Akacheka. Moshi huua mbu aliye angani saa ile. Aliye nyuma ya kabati au uvunguni haumfikii, na mayai hayana habari nao. Siku chache baadaye kizazi kipya kipo. Huko Yogyakarta, Indonesia, wamefanya tofauti: wakaachia mbu waliopandikizwa bakteria aitwaye Wolbachia, anayezuia dengi isikue ndani ya mbu, na wagonjwa wakapungua kwa asilimia 77. Chanjo za dengi nazo zimeanza kupatikana katika nchi kadhaa. Wakati huo huo, mwaka 2024 dunia iliripoti wagonjwa wa dengi zaidi ya milioni 14, idadi ambayo haijawahi kuonekana.

JUMAMOSI, RABAI

Matatu hadi Mazeras, kisha bodaboda kati ya minazi. Rabai wengi huijua kwa Krapf na Rebmann waliojenga misheni yao hapa miaka ya 1840, au kwa kaya yake, ule msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Wasomi wa mbu huijua kwa sababu nyingine kabisa, na nilipoielewa nilitamani tungekuwa nayo kwenye vitabu vya shule.

Hapa palipatikana Aedes aegypti wa aina mbili wakiishi hatua chache tu kati yao. Mmoja mweusi, wa msituni, anataga kwenye mashimo ya miti na kwenye vifuu, na hupendelea damu ya wanyama. Mwingine wa rangi ya hudhurungi, wa nyumbani, anataga kwenye mitungi ya maji jikoni, na humtaka mtu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wanasayansi waliwafuga wote wawili, wakawawekea mkono wa mtu upande mmoja na mnyama mdogo wa manyoya upande wa pili. Wa nyumbani wakaenda kwenye mkono. Wa msituni wakaenda kwa mnyama. Walipotafuta sababu wakakuta kinusio kimoja kwenye vipapasio vya mbu, chenye uwezo wa kukamata kemikali iliyo nyingi katika harufu ya mwanadamu. Kwa mbu wa nyumbani kinusio hicho kilikuwa kikali zaidi.

Yaani kuna mbu aliyejifunza kutunusa. Na kilichomvuta ndani, wanavyoona wengi wao, ni yaleyale ya Likoni: msimu mrefu wa kiangazi, msitu umekauka, na chombo pekee chenye maji kiko jikoni kwa mtu.

Mzee mmoja jirani na kaya alituonyesha mwembe wenye shimo kwenye uma wa matawi. Ndani ya kaya hatukuingia, hiyo haiombwi ovyo. Kiongozi aliingiza mrija, akatoa maji meusi ya majani yaliyooza, na humo viluwiluwi wawili wakubwa, wavivu. Kisha nyuma ya jiko la mzee, chini ya mbuzi ya kukunia nazi, tukakuta vifuu vimerundikwa mdomo juu, vina maji ya kuoshea vyombo. Viluwiluwi wengi.

"Vifuu hivi ni vya kuwashia moto," mzee akasema.

"Basi vipinduwe, baba. Vitawaka vilevile."

Akavipindua kimoja kimoja kwa ncha ya fimbo, bila haraka, akihesabu kwa Kirabai.

JUMAPILI, KISAUNI

Safari rasmi imekwisha, chupa zimekwenda maabara. Nikapita kwa shangazi kumsalimu, na sikufika hata kwenye chai. Pipa lake liko nyuma ya mlango wa jikoni, na nimeshakuwa na ugonjwa wa kuchungulia.

Walikuwemo. Nikamwonyesha kwa tochi ya simu.

"Astaghfirullah. Sasa wataka niyamwage? Maji yatatoka Jumatano, yakitoka."

Hatukuyamwaga. Tulileta ndoo zote, beseni la kufulia na sufuria mbili za harusi, tukayahamisha kata kwa kata, tukiyachuja kwa leso kuukuu iliyokunjwa mara mbili. Viluwiluwi wakabaki kwenye leso, nikawakung'uta juani kwenye sakafu ya uwanja. Pipa lilipobaki tupu tulilisugua ukuta wa ndani kwa brashi ya kufulia na sabuni, kutoka mdomoni hadi chini, mara mbili, maana kumwaga peke yake huacha mayai palepale. Kisha tukayarudisha maji. Kufunika, tulikata kipande cha neti iliyochanika, tukakifunga mdomoni mwa pipa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili akitaka kuchota aufungue na kuufunga bila fundi.

Ilichukua saa moja kasoro. Shangazi akanuna kuhusu zile sufuria, akauliza hili zoezi ni la kila lini. Nikamwambia kila wiki. Akaniuliza nitakuja saa ngapi Jumapili ijayo.